Wi-Fi Inapodhoofika Baada ya Kuongeza Skrini

Iwapo intaneti ya kompyuta yako ya mezani ilianza kusuasua, na kipanya kisichotumia waya kikawa kinakwamakwama tangu ulipounganisha skrini ya pili, usikimbilie kulaumu ruta. Chomoa skrini hiyo kabisa, kwa kuwa kuizima tu hakutoshi, kisha pima kasi upya. Ikirudi, chanzo umekipata.

Kebo ya HDMI (ile inayopeleka picha kwenye skrini) yenye kinga hafifu, pamoja na vifaa vya USB 3.0, huweza kuvujisha kelele ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na Wi-Fi ya kawaida, Bluetooth na vipanya vingi visivyotumia waya. Na kwa bahati mbaya antena nyingi hukaa nyuma ya kompyuta, sentimita chache tu kutoka kwenye kebo hizo. Hamishia Wi-Fi kwenye gigahezi 5 ikiwa ruta inaruhusu. Kipokezi cha kipanya kichomeke kwenye tundu la USB 2.0 kwa waya wa kurefushia, ukilaze juu ya meza karibu na mkono. Mimi huanza na hatua hii, kwani ni rahisi na mara nyingi hutosha. Tatizo likibaki, nunua kebo yenye kinga bora.