Namna ya kusoma rekodi ya mchezaji wa besiboli anayehamahama

Msomaji aliyezoea usajili wa soka, akikuta mchezaji wa besiboli aliyepita klabu nyingi, hudhani mara moja kwamba mtu huyo alikuwa mkorofi au hakuwa na kiwango. Dhana hiyo iwekwe kando mapema, kwa kuwa katika ligi kuu ya Marekani klabu inaweza kumbadilisha mchezaji kwa mwingine bila kumwomba ridhaa, isipokuwa pale ambapo mkataba wake au utumishi wake wa muda mrefu unampa haki ya kukataa. Mfano mzuri wa kujifunzia ni Edwin Jackson, mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira) aliyezaliwa Ujerumani, ambaye mwaka 2019 alikuwa wa kwanza kuchezea timu 14 za ligi hiyo.

Anza na orodha ya uhamisho, tarehe kwa tarehe, kabla ya kugusa takwimu za uwanjani. Tarehe 27 Julai 2011 Jackson alitoka Chicago White Sox kwenda Toronto, na siku hiyohiyo Toronto ikampeleka St. Louis, ambako alimaliza msimu akiwa bingwa. Toronto haikuingia katika hesabu yake hadi Mei 2019, alipoichezea kweli. Hesabu basi timu alizozichezea, si zilizommiliki.

Kisha pima namna alivyoondoka kila mahali, kwani hapo ndipo penye habari yenyewe. Aliyebadilishwa kwa wachezaji wengine alikuwa na thamani sokoni. Aliyetolewa katika orodha ya wachezaji 40, yaani wale ambao klabu imewasajili kwa ajili ya ligi kuu, yuko pabaya zaidi: klabu ina siku 7 za kumbadilisha, kumwachia aende zake, au kumshusha ligi ndogo (za chini ya ligi kuu) iwapo hakuna klabu nyingine iliyomtaka. Ukiona mkataba wa ligi ndogo wenye mwaliko wa mazoezi ya kabla ya msimu, elewa kwamba anagombea nafasi upya.

Linganisha tarehe hizo na siku zake bora. Juni 2010, akiwa Arizona, Jackson aliwanyima Tampa Bay, timu yake ya zamani, hata hiti moja (mpigo unaomfikisha mpigaji salama kituoni), ingawa alirusha mipira 149 na kuwaachia wapigaji 8 watembee bure hadi kituo cha kwanza. Mwezi uliofuata akapelekwa Chicago. Mchezo ule, kwa maoni yangu, unamweleza vizuri kuliko wastani wowote: mkono wenye nguvu uliowavutia makocha, na shabaha iliyowachosha.

Mwisho, usipuuze vipindi vifupi. Msimu mmoja wa utumishi, yaani wa kuwa katika kikosi cha ligi kuu, ni siku 172, na siku 43 tu humpa mchezaji haki ya pensheni. Kwa mtu asiye na jina kubwa, kuitwa ligi kuu kwa wiki moja mwezi Septemba kunaweza kuwa ndiko kunakokamilisha hesabu hiyo.