Jinsi ya kuomba kuhamisha fedha za bajeti katika kaunti ya jiji

Katika mwaka wa fedha uliopita, idara ninayofanyia kazi katika kaunti moja ya jiji hapa Kenya ilihitaji shilingi milioni 6 za kununulia dawa za zahanati, kwa sababu fedha za dawa zilikuwa zimekwisha mwezi Februari. Ombi letu la kuhamisha fedha lilirudishwa mara mbili, wiki 7 zikapita, na muda huo wote akina mama waliokuja na watoto wenye homa waliandikiwa dawa kwenye karatasi wakanunue dukani. Makosa yote mawili yangeweza kuepukika kabla ya barua kuchapishwa.

Anza kwa kuuliza fedha unazozitaka ni za aina gani. Kifungu cha 154 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinakataza fedha za maendeleo kuhamishwa isipokuwa ziende kugharimia maendeleo mengine, na pia kinakataza fedha za mishahara kupelekwa kwenye matumizi yasiyo ya mishahara. Sisi tuliona fedha za ujenzi wa wodi ambao mkandarasi wake alikuwa hajapatikana, tukaomba zinunue dawa. Barua ilirudi ikiwa na mstari mmoja wa maelezo, na haki ilikuwa upande wa Hazina ya Kaunti iliyoirudisha. Vilevile usiguse kwa njia hii ruzuku zenye masharti, wala mapato ambayo hospitali zinaruhusiwa kubaki nayo chini ya sheria ya mwaka 2023 ya kuboresha vituo vya afya, kwa kuwa fedha hizo zina matumizi yake maalumu.

Hatua ya pili ndiyo iliyotugharimu zaidi, nayo ni hesabu ya asilimia 10. Sheria inaruhusu kuhamisha fedha kati ya programu, yaani sehemu za bajeti zilizopangwa kwa kazi, au kati ya mafungu madogo, mradi jumla ya fedha zote zilizohamishwa kuingia au kutoka katika programu isizidi asilimia 10 ya matumizi yaliyoidhinishwa kwa programu hiyo kwa mwaka huo. Maneno ya kuangalia ni mawili: “jumla” na “kuingia”. Programu ya utawala tuliyotaka kutoa fedha ilikuwa na shilingi milioni 120, kwa hiyo kikomo chake kilikuwa milioni 12, nasi tukaona milioni 6 ni kidogo. Hatukuitazama programu inayopokea. Hiyo ilikuwa imeidhinishiwa milioni 80, kikomo chake kikawa milioni 8, na mwezi Oktoba ilikuwa imekwisha kupokea milioni 5 za mafuta ya ambulensi. Iliyobaki ni milioni 3 tu. Chora jedwali la safu nne kwa kila programu, inayotoa na inayopokea: kiasi kilichoidhinishwa, asilimia 10 yake, kilichokwisha kuhamishwa tangu Julai mwaka wa fedha ulipoanza, na kilichobaki. Hesabu asilimia hiyo kutoka kiasi kilichoidhinishwa kwa mwaka mzima, si kutoka salio la siku unayoandika, kisha uambatishe jedwali hilo kwenye barua.

Barua yenyewe huandikwa na Afisa Mkuu, ambaye ndiye afisa mhasibu wa idara, yaani anayewajibika kwa matumizi yake, kwenda kwa Hazina ya Kaunti, na ni lazima ieleze sababu. Eleza pia kwa nini fedha za upande unaotoa haziwezi kutumika kabla ya mwaka kwisha, kwa maana hilo nalo ni sharti la sheria ambalo wengi hulipitia juu juu. Ambatisha ripoti ya matumizi kutoka IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kusimamia fedha, ya wiki hiyo hiyo, si ya mwezi uliopita.

Mahitaji yakizidi kikomo, usiyagawanye katika barua mbili ndogo, kwa sababu zitajumlishwa vilevile. Njia iliyobaki ni bajeti ya ziada inayopitishwa na Bunge la Kaunti. Sisi tulipata milioni 3 kwa uhamisho, na zile nyingine 3 tukaziingiza kwenye bajeti ya ziada. Laiti tungelijua hilo mapema, dawa za awamu ya kwanza zingefika mwezi Machi.

Baada ya kibali cha Hazina, usiandike LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, mpaka uone kwa macho yako kwamba salio jipya limeingia kwenye mfumo, maana mfanyabiashara atakayeleta bidhaa kabla ya hapo anaweza kubaki akidai kwa miaka. Kumbuka pia kwamba fedha hutoka katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti kwa idhini ya Msimamizi wa Bajeti, kwa hiyo nakala ya kibali iwe tayari ombi la kutoa fedha linapoandaliwa. Kama unaweza, peleka barua yako kabla ya mwisho wa Machi. Fedha ambazo hazijatumika ifikapo Juni 30 hurudi kwenye Mfuko huo, hata kama kibali cha kuzihamisha kilikuwa kimekwisha kutiwa saini.