Biogesi kwenye baridi ya Njombe na Mbeya: ongeza tangi, usiongeze samadi

Malalamiko ya wenye mitambo ya biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi, kuanzia Uyole hadi Makete yanafanana: Februari moto unaivisha maharage, Julai hauchemshi hata chai. Wengi huamua kumwaga samadi zaidi, na hapo ndipo wanapoharibu. Kinachopungua kipupwe ni joto na muda wa kuchachuka. Samadi ipo ya kutosha.

Bakteria wanaotengeneza methani, ile gesi inayowaka, hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 hivi. Chini ya nyuzi 15 wanasinzia, na kwenye 10 ni kama wamelala kabisa. Ardhini, kina cha mita mbili, joto hukaribia wastani wa mwaka wa mahali penyewe, na kwa sehemu kubwa ya nyanda za juu kusini wastani huo ni nyuzi 15 hadi 19. Kwa hiyo tangi lako litaishi kwenye ubaridi mwaka mzima, hata siku ambazo juu kuna jua. Kwa sababu hiyohiyo mfuko wa plastiki unaolazwa juu ya ardhi hatuushauri huku. Usiku wa sakitu mfuko huo unapoa kama sufuria iliyosahaulika nje. Jenga tangi la tofali lenye umbo la kuba, lizikwe.

Hesabu kabla ya kuchimba

Anza na samadi unayoizoa kwa mkono wako, usihesabu idadi ya ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa zizini atakupa kilo 15 za uhakika kwa siku, na mkubwa anayeshiba vizuri hufika 20 au zaidi. Anayechungwa huacha kinyesi malishoni, kwa hiyo mhesabu nusu au usimhesabu kabisa. Mwenye ng'ombe mmoja wa kuchungwa aweke pesa yake kwenye jiko banifu.

Tuseme wapo wawili zizini, kilo 30. Changanya na lita 30 za maji, unapata lita 60 kwa siku. Maeneo ya joto mchanganyiko hukaa tangini siku 40, hivyo lita 2,400 zinatosha. Huku upe siku 70: lita 4,200. Ongeza nafasi ya gesi juu yake na unafika kwenye mtambo wa mita za ujazo 6. Fundi akikwambia mita 4 zinatosha ng'ombe wawili, muulize amehesabu siku ngapi.

Kwa mtambo huo tarajia gesi ya lita 800 hivi kwa siku. Jiko la sahani moja hula kama lita 300 kwa saa, kwa hiyo una saa mbili na nusu za moto. Ukilinganisha na gesi ya mtungi, ni sawa na mtungi wa kilo 6 kila baada ya siku 17 hivi. Chai, ugali, mboga na viazi vinapita bila shida. Maharage ndiyo mtihani: yaloweke usiku kucha, yachemshe nusu saa, kisha yafunike kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu yamalizie kuiva yenyewe. Ukiyaacha jikoni saa tatu, chakula cha jioni utapikia kuni.

Mahali na ujenzi

Chagua penye jua kuanzia asubuhi hadi alasiri, karibu na zizi kuliko jikoni, maana samadi ni nzito kuliko gesi. Kaa mbali na bonde ambako ubaridi hutuama usiku. Mti wa parachichi au mkaratusi ulio karibu una hasara mbili: kivuli juu, mizizi chini.

Kuba likishajengwa, lifukie kwa udongo. Fundi mwenye haraka huliacha kichwa wazi lipendeze, lakini udongo ule unazuia baridi na pia unaligandamiza kuba lisipasuke gesi inapojaa. Kuanzia Mei zungushia na kufunika kwa mabua ya mahindi au majani makavu, unene wa mkono mmoja.

Ndani ya kuba ndimo gesi inamopotelea. Plasta ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikishika kabla ya nyingine, halafu ipakwe saruji iliyokorogwa na rangi ya maji. Usikubali kufukia kabla kuba halijapimwa kama linavuja.

Bomba la nusu inchi linatosha hadi mita 20, zaidi ya hapo weka la robo tatu. Literemke kidogo, sentimita moja kwa kila mita, kuelekea sehemu ya chini kabisa yenye koki ya kutolea maji. Gesi hutoka tangini ikiwa na mvuke, na asubuhi za baridi mvuke huo hugeuka maji ndani ya bomba. Moto unaorukaruka na kuguna kama pikipiki yenye mafuta machafu, tisa kwa kumi ni maji hayo. Fungua koki, yatoke, endelea kupika.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Tangi hili linahitaji kama tani mbili za samadi mbichi na maji kiasi hichohicho. Kusanya kwa wiki kadhaa na uitunze ikiwa imelowa, isikauke juani. Omba kwa jirani mwenye mtambo unaofanya kazi ndoo 15 hadi 20 za tope linalotoka kwake. Humo mna bakteria walio tayari, na watakuokolea wiki nzima au mbili.

Gesi ya kwanza haiwaki, kwa kuwa ni hewa ya ukaa na hewa iliyokuwemo tangini. Iachie nje, mbali na moto, mara mbili au tatu. Jaribu kuwasha jikoni tu, kamwe usijaribu kwenye bomba la tangi. Huku subiri wiki tano, pengine nane. Usilishe chochote mpaka moto ushike.

Kulisha kila siku

Tumia samadi ya asubuhi hiyohiyo, ingali na uvuguvugu wa tumbo la ng'ombe. Maji yaache juani kwenye pipa jeusi na ulishe saa nane mchana badala ya alfajiri. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya maji, usizidi nusu.

Kwenye sanduku la kuchanganyia, ziba tundu la kuingilia tangini kwa kizibo, mimina, kisha vua saa na uingize mikono. Vunja mabonge, toa kila bua na kila nyasi ndefu. Mchanganyiko uliokaa sawa huteleza vidoleni kama uji wa mtoto. Ukidondoka kwa mabonge, ongeza maji. Ukitiririka kama maziwa, umezidisha. Sasa simama dakika kumi. Mchanga hutulia chini, na unapovuta kizibo unaacha ule mchanga wa mwisho kwenye sanduku na kuutupa. Asiyesubiri huzika mchanga tangini kidogokidogo, na baada ya miaka michache tangi la mita 6 linakuwa la 4.

Kwa wa Mafinga na Njombe: msitandike zizi kwa vumbi la mbao ikiwa sakafu hiyo ndiyo mnayozoa. Vumbi la msonobari halichachuki, huelea na kufanya utando mgumu unaozuia gesi kupanda. Ng'ombe aliyechomwa antibayotiki kwa ugonjwa wa kiwele, samadi yake iende moja kwa moja shambani kwa wiki nzima. Maji ya kuogeshea ng'ombe na ya sabuni yasikaribie sanduku.

Inapogoma

Gesi ipo lakini haiwaki, na tope linanuka kama kitu kilichochacha: umelisha kupita kiasi. Asidi imewazidi bakteria. Acha kulisha siku saba hadi kumi, weka vikombe viwili vya majivu yaliyokorogwa kwenye ndoo ya maji, kisha rudi na nusu ya kipimo.

Moto wa njano unaotia masizi unataka hewa zaidi, kwa hiyo fungua tundu la hewa la jiko. Moto unaoruka juu ya sahani na kuzimika una hewa nyingi au presha kubwa.

Gesi inaisha usiku bila mtu kupika: kuna uvujaji. Paka povu la sabuni kila kiungo, uangalie mapovu. Kiberiti hakitafuti uvujaji, kinautangaza kijiji kizima. Uvujaji una hasara nyingine pia. Methani isiyoungua hupasha anga joto takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule, kwa kipimo cha miaka 100. Tangi linalovuja linaharibu kile ambacho Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024–2034 unakitafuta, yaani asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Gesi ikizidi, ichome.

Mtu asiingie tangini hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja kuokota kizibo. Hewa ya humo huua kabla hajapiga kelele.

Tope linalotoka lifunikwe kwa majani, jua lisipeperushe naitrojeni. Kwenye viazi, limimine mtaroni na ulifukie siku hiyohiyo. Kwenye kabichi changa, lichanganye kwanza na maji mara mbili yake, ukimwagia pembeni ya shina.