Jinsi ya kuomba MAKISATU ukiwa na kifaa cha kulinda samaki walio hatarini: kwa wabunifu wa Mwanza

MAKISATU, Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yalianza mwaka 2019 chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ikishirikiana na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Tangazo likitoka, lisome lote, kisha chagua kundi lako: shule, ufundi stadi, vyuo, taasisi za utafiti au mfumo usio rasmi. Fundi wa Kirumba asiyesoma popote anaingia mfumo usio rasmi. Andaa kitambulisho, cha NIDA kama unacho. Mwanafunzi aongeze barua ya shule au chuo.

Wengi huulizia pia Theodore Roosevelt Genius Prizes za Marekani, zawadi za ubunifu wa kulinda wanyamapori, dola 100,000 kwa kila zawadi. Hizo ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, au kampuni zilizosajiliwa na kufanya kazi huko. Usipoteze bando.

Kwenye maelezo ya tatizo, taja kiumbe mmoja na mahali pamoja. "Kulinda viumbe wa ziwa" haimwambii jaji kitu. Andika hivi: ningu hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito, kama ule wa Simiyu, humkamata akiwa na mayai. Hapo jaji anajua kifaa kinakaa wapi na kinafanya kazi miezi gani.

Kisha thibitisha kuwa teknolojia yako inaendana na kosa la uvuvi unalolizuia. Boya lenye maikrofoni ya majini husikia injini. Kokoro, wavu mrefu wa kukokota, huvutwa na watu kutoka ufukweni, bila injini, kwa hiyo boya hilo litanyamaza wakati samaki wanamalizwa. Kwa kokoro, tumia kamera ya joto ufukweni au taarifa za BMU (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za uvuvi) kwa simu.

Sehemu ya majaribio inaweza kuangusha maombi. Pima usiku usiopungua 14 mfululizo, ukianza mwezi ukiwa mpevu, ili upate giza na mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wengi hubaki nyumbani. Ukipima usiku wa mwezi tu, ziwa limetulia na kifaa kitaonekana hodari kuliko kilivyo. Panga mitumbwi ipite kwa saa unazozijua, kisha andika imepita mara ngapi, kifaa kimetambua ngapi, na kimepiga kengele za uongo ngapi. Jaji akiona sifuri kwenye kengele za uongo, atakuwa na mashaka, na ana haki.

Onyesha hesabu ya umeme. Kifaa kinachotumia wastani wa wati 0.5 kinakula saa-wati (Wh) 12 kwa siku, yaani Wh 36 kwa siku tatu za mawingu. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 7 ina Wh 84, ila usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 42. Inatosha, kwa shida. Paneli ya wati 10 hurudisha zaidi ya matumizi ya siku, jua likiwaka. Eleza pia nanga, maana magugu maji yakijikusanya kwenye boya hulikokota na kufunika paneli.

Vibali viombwe mapema, kwa sababu ndivyo vinavyochelewa. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga). Redio ya kutuma taarifa za kifaa, ulizia TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano). Hifadhi za visiwa vya Saanane na Rubondo ni za TANAPA. Ukigusa samaki hai, anzia kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi) Mwanza. Kwa boya la mwaloni, pata barua ya BMU na ya serikali ya mtaa, la sivyo litang'olewa, na pengine kwa haki. Ukitaka hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi wako), nenda BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) kabla ya kuonyesha kifaa hadharani, kwani kuonyesha kwanza kunaweza kukuharibia sifa ya upya.

Tuma maombi siku kadhaa kabla ya mwisho, mtandao hulemewa saa za mwisho.

Ukiitwa kuonyesha, usitegemee kukuta maji ya kujaribia kifaa: beba rekodi zenye saa na tarehe, spika ya kuzisikilizisha na betri ya akiba. Funga antena kabla ya kuwasha redio. Bila antena, nguvu hurudi na inaweza kuunguza kikuza mawimbi mbele ya majaji.