Somo: Simu ikusaidie kula vizuri na kutembea zaidi

Wengi hupakua programu ya afya, hujiwekea lengo kubwa siku hiyohiyo, kisha huifuta baada ya muda mfupi. Mara nyingi kosa si uvivu. Hawakujua walikuwa wanaanzia wapi.

Hatua ya 1. Angalia kwanza kilichomo kwenye simu yako. Simu janja nyingi zina kihisi mwendo kinachohesabu hatua hata bila intaneti. Ukipakua programu nyingine, soma ruhusa inazoomba. Ya kuhesabu hatua haina haja ya namba za watu wako wala ujumbe wako. Ikizidai, ifute.

Hatua ya 2. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Ishi ulivyozoea na urekodi tu. Tafadhali usiiruke hatua hii, kwani ndiyo inayobeba zote zinazofuata. Mwisho wa wiki jumlisha hatua zako, gawanya kwa 7.

Hatua ya 3. Ongeza kidogo juu ya wastani wako. Kama ni 3,500, weka lengo la 4,000. Programu nyingi zitakuwekea 10,000, lakini namba hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965. Haikuanza kama agizo la madaktari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu dakika: watu wazima wapate 150 hadi 300 za mazoezi ya nguvu ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2.

Hatua ya 4. Chakula kirekodi kabla ya kula. Ukingoja usiku utasahau vinywaji, mafuta ya kupikia na vile ulivyoonja jikoni. Picha inatosha kama huna muda wa kuandika. Kisha chagua jambo moja tu la kurekebisha, mfano kupunguza vinywaji vya sukari, au kukaribia gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kiwango ambacho WHO inashauri.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikifanya kazi za nyumbani simu naiacha mezani. Hatua zangu zinapotea?*
Ndiyo, simu haikuhesabii usipokuwa nayo. Ingiza dakika za kazi hizo kwa mkono; kupiga deki kwa nguvu nako ni mazoezi.

*Programu inasema nimechoma kalori 400. Naweza kuongeza chakula?*
Usiongeze kwa sababu ya namba hiyo. Ni makadirio, na yanaweza kupotoka sana. Hata kalori za vyakula, katika programu nyingi, huingizwa na watumiaji wenyewe.

*Nina kisukari na natumia insulini. Nianze?*
Zungumza na daktari wako kwanza. Mazoezi yanaweza kushusha sukari, na ukibadilisha mlo huenda dozi nayo ikahitaji kubadilishwa. Usiibadilishe mwenyewe kwa kufuata programu.

*Nimeanza kuhesabu kila tonge, sasa naogopa kula.*
Ndugu yangu, acha kuhesabu leo. Futa sehemu ya kalori, ubaki na matembezi kama yanakupa raha, na umweleze mhudumu wa afya hali hiyo kama ulivyoieleza hapa. Usingoje iwe mbaya zaidi.