Filta ya sakshoni: kuiweka, kuipima na kuitoa bila kujiambukiza

Mashine ya sakshoni, ile ya kufyonza majimaji kutoka kwa mgonjwa, isipokuwa na filta hufyonza vizuri kuliko yenye filta. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Muuguzi huziba mpira kwa kidole, huona geji, yaani kipimo cha mvuto, imepanda, huridhika. Na kweli mgonjwa atafyonzwa. Lakini geji haisemi lolote juu ya hewa inayotokea upande wa pili wa pampu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na mashine nyingi ninazoletewa kwa shutuma kwamba "haivuti" hazina ugonjwa wowote ila filta iliyolowa. Zinazonitia wasiwasi ni zile ambazo haniletei mtu: zinavuta kwa nguvu, na filta iling'olewa zamani ili zivute hivyo.

Kwanza fuata njia ya hewa. Mpira unatoka kwa mgonjwa na kuingia kwenye kifuniko cha chupa. Damu, makohozi na usaha huanguka chini, hewa hutokea tundu la pili la kifuniko. Kwenye tundu hilo kuna boya linalopanda na kuziba njia chupa ikijaa. Baada ya boya ndipo filta, kisha geji na kitufe cha kurekebisha mvuto, kisha pampu. Pampu haihifadhi hewa hata kidogo. Kinachoingia lazima kitoke. Mashine ya kubebeka huitoa mlemle wodini, mara nyingi chini, karibu na miguu ya aliyesimama kuhudumia.

Hewa hiyo si hewa tupu. Majimaji yakivutwa kwa kasi pamoja na hewa ndani ya mpira mwembamba hupasuka kuwa matone madogo mno. Mazito hubaki chupani, mepesi huifuata hewa. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa maikroni 1 hadi 4 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo tone la maikroni 5 linatosha kumbeba. Filta za daraja la HEPA, yaani za kuchuja chembe ndogo mno, hukamata angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Chembe kubwa zaidi hugonga nyuzi na kunasa, ndogo zaidi hutangatanga mpaka zinagusa nyuzi nazo zikanasa. Zilizo karibu na ukubwa huo ndizo jeuri wa kupenya. Filta ikiziweza hizo, zilizobaki si taabu.

Filta nyingi za sakshoni zina sifa nyingine: utando wake unakataa maji. Hewa inapita, maji hayapiti. Majimaji yakiufikia, vitundu huzibwa na hewa husimama. Hapo filta haijaharibika. Imefanya kazi yake ya kuilinda pampu baada ya boya kushindwa. Ibadilishe, uishukuru. Usiioshe, na kamwe usiifute kwa spiriti. Maji matupu hukataliwa na utando huo, ila sabuni na spiriti huyalainisha mpaka yakaingia kwenye vitundu, na filta iliyooshwa ikaanikwa ikakauka huonekana mpya kabisa huku ikiwa haina tena kinga unayoitegemea. Zipo chache ambazo mtengenezaji ameruhusu ziingie kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, na ruhusa hiyo huandikwa, pamoja na idadi ya mara. Kama haikuandikwa, ni ya kutumia na kutupa.

Kuiweka ni rahisi, lakini ina mwelekeo. Tafuta mshale, na uelekee pampu. Kama hakuna mshale kuna maandishi IN. Upande huo ndio wa chupa. Mimi huiweka juu ya kifuniko, imesimama, ikiwa na kipande kifupi tu cha mpira chini yake, ili mvuke ukigeuka maji urudi chupani badala ya kutulia kwenye utando. Mpira mrefu unaoning'inia kati ya chupa na filta hutengeneza tumbo, maji hukaa humo, na siku mashine ikisogezwa yote huenda kwenye filta kwa pamoja. Andika tarehe juu ya filta kwa kalamu isiyofutika. Filta isiyo na tarehe mimi huihesabu kuwa imekwisha.

Kabla ya kumfyonza mgonjwa, washa mashine mpira ukiwa wazi. Geji inapaswa kukaa karibu na sifuri. Ziba mpira: ipande mpaka kiwango ulichoweka. Geji ikipanda huku mpira uko wazi, kuna mahali pameziba. Chomoa mpira wa mgonjwa kwenye kifuniko. Geji ikishuka, kizibo kimo kwenye mpira. Isiposhuka, angalia kama boya limekwama juu. Boya likiwa huru, basi ni filta. Ukiziba mpira na geji isipande, hewa inavuja: kifuniko hakikukaa, mpira umepasuka, au pampu imechoka. Mpangilio huu ni kwa mashine ambayo geji yake iko kati ya filta na pampu. Baadhi zina geji upande wa chupa, na hizo filta ikiziba geji hulala chini tu, hata uzibe mpira namna gani. Ijue mashine yako ni ya aina ipi kabla haijawa dharura.

Kuna hatari moja ambayo haitajwi sana. Filta ikianza kuziba kidogo kidogo, watu hupandisha mvuto ili kufidia. Kwa kufyonza njia ya hewa ya mtu mzima, 150 mmHg (milimita za zebaki, kizio cha mvuto) ni kiwango ambacho wengi hawakipiti, na kwa mtoto mchanga ni chini zaidi. Nimekuta kitufe kimezungushwa mpaka mwisho. Catheter, ule mrija mwembamba unaoingia kwa mgonjwa, ikigusa ukuta wa koo hapo, nguvu yote inamwishia mgonjwa. Kwa hiyo kila unapobadilisha filta, rudisha mvuto chini, kisha uupange upya.

Adui mkubwa wa filta ni povu. Boya huelea juu ya majimaji, lakini povu la damu ni jepesi, hulipita boya pembeni na kufika kwenye utando chupa ikiwa bado nusu. Tone chache za dawa ya kuzuia povu chupani mapema husaidia sana. Mwaga au badilisha chupa ikifika theluthi mbili, usingoje boya. Wakati wa kumhamisha mgonjwa, chupa isimame wima. Chupa iliyolazwa juu ya machela haina boya wala kipimo.

Sasa kuitoa, na hapa sikubali haraka. Vaa glovu, miwani na barakoa ya kuchuja chembe. Ile ya kawaida ya upasuaji haitoshi. Zima mashine, fungua mpira ili mvuto uishe kabisa. Ukichomoa filta mvuto ukiwa bado ndani, hewa hujirusha ghafla na kilicho kwenye utando hutikisika. Ishike upande wa pampu, ambao ndio msafi, chomoa upande wa chupa mwisho, ziba matundu kwa vizibo kama vipo, tia moja kwa moja kwenye mfuko wa taka za maambukizi. Usiigonge ili kuona kama ina maji. Usiipulize kwa mdomo, usiipulize kwa kompresa. Nawa mikono hata kama ulivaa glovu.

Kwenye hospitali zenye mfumo wa kati, ambapo mvuto hufika wodini kwa mabomba kutoka chumba kimoja cha pampu, filta ziko chumba cha pampu, kwa kawaida mbili sambamba, ili moja ifanye kazi wakati nyingine inabadilishwa. Chini yake kuna chupa ya uwazi ya kukinga matone. Ikionyesha majimaji, kuna wodi inayojaza chupa mpaka juu, nenda ukaitafute. Bomba la kutolea hewa lipelekwe nje, mbali na madirisha na viingilio vya hewa, mdomo ukitazama chini.

Filta hizi hazizuii harufu wala gesi. Moshi wa kisu cha umeme cha upasuaji huziba filta ya sakshoni upesi na bado mvuke wake hupita. Moshi una mashine yake, yenye kaboni.

Majimaji yakivuka filta na kuingia kwenye pampu, usiiendeshe "ikauke". Utakuwa unaipulizia wodi nzima. Zima, chomoa waya ukutani, ziba tundu la kutolea hewa, bandika karatasi iliyoandikwa IMEINGIA MAJI, TAREHE na SAA, uiite idara ya ufundi. Fundi ataifungua akiwa amevaa kama wewe ulivyovaa kutoa filta.