Bando dogo lisikuzuie kuchangia programu huria
Mnaochangia mkiwa Wete au Mkoani, kule Pemba, sikilizeni: mtandao ukikatika katikati ya git clone (amri ya Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, inayonakili mradi kwenye kompyuta yako), kazi haiendelei ilipoishia. Huanza upya, na MB zote zimekwenda. Basi usivute historia nzima, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yote ya mradi. Andika git clone --depth 1, kisha anwani ya mradi. Utapata toleo la mwisho la tawi kuu (mkondo mkuu wa kazi ya mradi) tu, nalo latosha kabisa kurekebisha hitilafu au tafsiri. Wapo wanaosema nakala fupi kama hii hairuhusu kutuma mabadiliko. Hilo lilikwisha tangu Git 1.9, mwaka 2014. Ukihitaji historia, iongeze kidogo kidogo kwa git fetch --deepen=50 (mabadiliko 50 ya nyuma kila mara); kipande kilichokwisha kufika hakipotei. Na tafadhali, fungua tawi jipya kabla hujagusa faili.